Kanisa kubwa kwenye bonde la watu wachache: jibu kwa msomaji anayekwenda Conques

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nipo Toulouse kimasomo. Wenzangu wanapanga twende Conques siku za Pasaka. Nimeangalia ramani nikashangaa: ni kijiji tu bondeni, reli haifiki, wakazi wake hawajazi hata shule moja. Lakini kwenye picha naona kanisa la kadiri ya makanisa ya jiji. Imekuwaje watu wachache vile wakajenga jengo kama lile, tena mahali pa kujificha namna ile? Na nikifika nitazame nini? Sitaki saa zangu chache ziishie madukani."*

Marahaba, binti yangu. Umeuliza swali ambalo wageni wengi huondoka Conques bila kuliuliza. Wanapiga picha, wanakula, wanapanda gari. Wewe umeangalia ramani kwanza, na ndipo pa kuanzia.

Kwa kifupi, fedha na mikono iliyoinua kanisa lile ilitoka kwa wapita njia, na wapita njia walifika pale kwa sababu ya wizi. Mali iliyobaki ndani yake mpaka leo ipo kwa sababu wakulima na mafundi wa mji huo waliificha wakati ilipokuwa karibu kuyeyushwa. Hayo ya mwisho waongoza wageni huyapitia mbio mbio, nami naona ndiyo yanayostahili kukaliwa kitako.

Conques iko Aveyron, kusini ya kati ya Ufaransa, eneo ambalo jina lake la kale ni Rouergue. Kutoka Rodez, mji mkuu wa mkoa huo, ni kama kilomita 40 kuelekea kaskazini-magharibi. Kijito cha Ouche kimechimba korongo lake mpaka kinapokutana na mto Dourdou, nao Dourdou unakwenda kumwaga maji yake katika mto Lot. Juu kidogo ya makutano hayo, ubavu wa mlima unaoelekea kusini umebonyea kama ganda. Kwa Kilatini ganda hilo ni *concha*. Kwetu Tanga ni kombe. Utasikia watu wakisema jina la mji limetokana na yale makombe wanayofunga kwenye mikoba yao mahujaji wa Santiago de Compostela, mji wa hija ulioko Hispania. Usikubali. Jina Conques limo katika hati ya mwaka 819, kabla hija ya Santiago haijapata umaarufu wowote. Ni bonde lenyewe lililofanana na kombe.

Ardhi hiyo ni mwamba wa shisti, jiwe la kijivu linalopasuka bapa bapa. Kwa hiyo kuta ni shisti na mapaa ni shisti, vipande vilivyochongwa na kupangwa kama magamba ya samaki. Mteremko ni mkali kiasi kwamba nyumba moja huwa na mlango wa barabara ya juu na mwingine wa barabara ya chini, na katikati kuna ghorofa mbili au tatu. Nafaka haikupata nafasi ya kutosha pale. Watu walikata matuta wakapanda mizabibu, na chakula cha maskini kikawa chestinati, kokwa za mti wa msituni. Walizikausha katika vibanda vidogo vya mawe: juu kuna sakafu ya fito, chini moto wa moshi unaofukizwa siku nyingi, kama bibi zetu walivyohifadhi mahindi kwenye dari la jikoni. Viweke akilini vibanda hivyo, tutavirudia.

Mwishoni mwa karne ya 8 alikuja kuishi hapo mkaapweke aitwaye Dadon. Wengine wakamfuata, ikawa abasia, yaani nyumba ya watawa, ya shirika la Wabenediktini, na Louis mwana wa Karolo Mkuu akaipa ardhi. Lakini katika zama zile abasia ilihitaji mtakatifu wake, yaani masalia ya mwili wa mtu ambaye watu wangefunga safari kwenda kumwomba. Conques haikuwa nayo. Watawa walikuwa wamejaribu kupata masalia ya Mtakatifu Vincent kutoka Valencia huko Hispania. Masalia yale yakaishia Castres, mji mwingine kabisa. Isitoshe, Figeac, ambayo ilianzishwa kama "Conques mpya" mahali palipo wazi na pa rahisi kufikika, ilikuwa inaanza kuivuta abasia yote kwake.

Ndipo ukafanyika wizi. Katika mji wa Agen, kwenye uwanda wa magharibi, kulikuwa na kaburi la Foy, msichana ambaye mapokeo yanasema aliuawa kwa ajili ya imani yake karibu mwaka 303, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Masimulizi ya watawa wenyewe yanaeleza kwamba mwenzao mmoja alitumwa Agen, akaishi kati ya watu wa kanisa lile miaka kama 10, akaaminiwa mpaka akakabidhiwa ulinzi wa kaburi. Usiku mmoja, karibu mwaka 866, akalivunja, akatia mifupa ndani ya mfuko na kurudi nayo Conques. Watu wa zama hizo walisema kwamba kama mtakatifu asingetaka kuhama, asingekubali kubebwa. Naielewa hoja yao, lakini mimi nasema ni wizi, na watu wa Agen walikuwa na haki ya kulia. Nakueleza wazi kwa sababu ukiujua utaitazama ile sanamu ya dhahabu kwa macho mengine.

Sanamu hiyo iko katika jumba la hazina, ubavuni mwa kanisa. Ina kimo cha sentimita 85 tu. Ndani ni mti, juu umefunikwa mabamba ya dhahabu, na kila pahala pamepachikwa vito ambavyo mahujaji walitoa kwa karne nyingi: vingine ni vito vya Kirumi vilivyochongwa sura za miungu ya kale. Nenda karibu uangalie kichwa. Hakifanani na mwili. Ni kikubwa, uso umeinuliwa, macho yamekaza. Kichwa hicho ni kikongwe kuliko sanamu yenyewe, ni kazi ya mwisho wa dola la Kirumi, na yaelekea kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine, labda mfalme. Msichana wa miaka 12 amevikwa uso wa mtawala. Mwaka 1013 alifika msomi kutoka kaskazini, Bernard wa Angers. Alipoiona mara ya kwanza alichukia, akaifananisha na masanamu ya Jupita na Marsi. Akakaa, akasikiliza watu, akabadili mawazo, na akaandika kitabu cha miujiza ya Foy. Mtakatifu wa kitabu hicho ni mtoto hasa: anapenda mapambo, anawatania watu, na ukimnyima pete uliyomwahidi hakuachi.

Lakini kilichompa sifa kuliko vyote ni wafungwa. Karne ya 11 ilikuwa zama za mabwana wa ngome, ambao wangeweza kumkamata mtu njiani na kumtupa shimoni mpaka jamaa zake wakomboe. Waliofunguka walisema Foy amewafungua, wakaja Conques na pingu zao mkononi kama sadaka. Bernard anasema chuma kilirundikana mpaka watawa wakakiyeyusha kutengenezea milango. Ukiingia kanisani leo utaona uzio wa chuma unaozunguka altare, wa karne ya 12, wenye miviringo na ncha kali. Mapokeo ya mji yanasema umefuliwa kwa minyororo ile. Simama hapo kidogo. Kuna madhabahu nyingi zilizojaa dhahabu ya wakubwa. Iliyozungushiwa chuma cha wafungwa mimi sijaiona kwingine.

Basi sifa ikaenea, na njia ikaja. Mahujaji waliotoka Le Puy-en-Velay kwenda Santiago walipitia Conques, na kitabu cha mwongozo cha karne ya 12 kinawaagiza wasimame kwa Foy. Abasia ikapewa makanisa ya mbali: Sélestat huko Alsace, na Horsham nchini Uingereza. Ukipata kufika Peramiho au Ndanda utakuwa umeona jinsi Wabenediktini wanavyopokea mgeni. Kanuni yao inawaamuru wampokee kama Kristo mwenyewe. Sasa fikiria wageni mia kadhaa wanaoteremka korongoni kwa siku moja ya sikukuu, na kanisa la zamani limebana. Katikati ya karne ya 11, chini ya Odolric, abate yaani mkuu wa abasia, walianza kujenga jipya, likakamilika mwanzoni mwa karne ya 12.

Ndiyo maana ramani ya kanisa lile ni ramani ya msongamano. Nyuma ya altare kuna ushoroba unaozunguka nusu duara, wenye vikanisa vidogo pembeni, ili mahujaji waingie upande mmoja, wapite nyuma ya masalia, watoke upande wa pili, na watawa waendelee na sala zao katikati bila kusumbuliwa. Juu kuna roshani pande zote, nafasi ya watu zaidi. Dari liko mita 22 juu ya sakafu. Kwa kuwa mteremko haukuruhusu urefu, walijenga kwa kwenda juu, kama alivyofanya kila mwenye nyumba mjini pale. Mawe ni ya rangi tatu: shisti ya kijivu ya palepale, jiwe jekundu la mchanga la jirani, na jiwe la chokaa la manjano ambalo jua la jioni hulifanya kama asali.

Umeuliza utazame nini. Kabla hujaingia, simama nje mbele ya mlango wa magharibi. Juu yake kuna nusu duara ya jiwe, upana mita 6.70, imechongwa watu 124. Ni Hukumu ya Mwisho. Kila mtu anamtazama Kristo katikati, halafu anakwenda upande wa jehanamu kwa sababu una vituko: bahili amenyongwa na mfuko wake wa fedha shingoni, shujaa wa vita ameangushwa kichwa chini na farasi wake, sungura anamchoma mwindaji juu ya moto. Mabaki ya rangi bado yanaonekana hapa na pale, na buluu imedumu vizuri zaidi.

Mimi nakuomba utazame vitu vitatu vidogo. Chini ya miguu ya Kristo kuna mizani. Malaika Mikaeli yuko upande mmoja, shetani upande wa pili, wanatazamana uso kwa uso, na shetani ametia kidole kwenye sahani ya mizani ili izame. Mtu yeyote aliyewahi kupimiwa sukari na muuzaji asiye mwaminifu atakitambua kidole hicho. Kisha nenda upande wa peponi, chini: msichana mdogo amepiga magoti na kuinama mpaka karibu na ardhi, mkono wa Mungu unatokea mawinguni kumgusa. Huyo ni Foy, na nyuma yake, chini ya matao ya kanisa lake, pingu zinaning'inia mtungoni. Mchongaji aliona ni lazima zionekane hata katika siku ya mwisho ya dunia. La tatu liko juu kabisa, kwenye ukingo wa upinde: vijisura 14 vimechungulia, kila kimoja kimeshika ukingo kwa vidole kana kwamba ni shuka, macho tu yanaonekana. Wenyeji wanawaita wadadisi. Wamekuwa wakichungulia miaka 900.

Fahari hiyo haikudumu. Hija ilipungua, nidhamu ya abasia ikalegea, mwaka 1537 watawa wakabadilishwa kuwa makanoni, yaani mapadre wa kanisa wasiofungwa na kanuni ya kitawa, na mwaka 1568, katika vita vya dini, kanisa likachomwa moto. Conques ikarudi kuwa mji wa wakulima, mafundi na wauza divai.

Na sasa tufike kwenye Mapinduzi ya Ufaransa. Kuanzia 1790 taasisi za kanisa zilivunjwa nchini kote, na dhahabu na fedha za makanisa zikakusanywa na kuyeyushwa kuwa sarafu. Hivyo ndivyo zilivyopotea hazina nyingi za Ufaransa ambazo leo tunazijua kwa orodha tu. Watu wa Conques walifanya lao. Simulizi za mji zinasema walikwenda usiku, wakagawana vile vitu kaya kwa kaya, wakavificha bustanini na kwenye vile vibanda vya kukaushia chestinati, na maofisa walipokuja wakaambiwa hazina imeibwa. Fikiria nyumba ya mtu ambaye msimu wa baridi analala na chakula cha kuhesabu, na chini ya kokwa zake kuna kipande cha dhahabu kinachoweza kumlisha yeye na wajukuu wake. Hali ilipotulia, walivirudisha. Sanamu ya Foy, ambayo ilifika pale kwa wizi, iliokolewa na watu ambao wangeweza kuiba wasijulikane.

Sikwambii haya ili uwaone malaika. Ua wa watawa, wenye varanda za nguzo zilizochongwa, ambao abate Bégon aliujenga karibu mwaka 1100, haukuwa na bahati hiyo. Uliachwa ukabomoka, na mwanzoni mwa karne ya 19 mawe yake yalichukuliwa kujengea nyumba. Ukienda kusini mwa kanisa utakuta uwazi, safu chache za matao, na birika la maji la jiwe la kijani lililorudishwa mahali pake. Watu wale wale walificha dhahabu, wakabeba mawe. Kwa mkulima, mtakatifu alikuwa wake. Varanda ya makanoni ilikuwa jiwe zuri lililokaa bure.

Aliyeunusuru mji mara ya pili ni mwandishi Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale wa serikali. Alifika mwaka 1837, akaripoti kwamba hakutarajia kukuta utajiri wa namna ile katika nyika kama ile, na mwaka 1840 kanisa likaingizwa katika orodha ya kwanza ya majengo yanayolindwa na dola. Ukarabati ukaanza. Mwaka 1873 wakaletwa watawa wa shirika la Premontré, ambao wapo hadi leo, na miaka miwili baadaye, mafundi wakifanya kazi nyuma ya altare, sanduku la mifupa likakutwa ndani ya ukuta, limefichwa tangu zamani. Mwaka 1998 kanisa na daraja la mji viliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na njia za Santiago nchini Ufaransa. Watu, hata hivyo, walizidi kuondoka. Aveyron ilipeleka vijana wake Paris kwa vizazi, wengi wakawa wenye mikahawa huko. Tangu mwaka 2016 Conques imeunganishwa na majirani zake watatu kuwa wilaya moja iitwayo Conques-en-Rouergue, na katika mji wenyewe wa kale wakazi hawafiki 300. Kwa hiyo uliyoona kwenye ramani ni sahihi.

Bado kuna jambo moja ndani ya kanisa. Madirisha 104 yana vioo vilivyobuniwa na mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa Rodez, aliyefariki mwaka 2022 akiwa na miaka 102. Alipelekwa Conques akiwa mwanafunzi, na alisema baadaye kwamba ni pale alipoamua maisha yake yatakuwa sanaa. Alifanya kazi ya vioo hivyo kuanzia 1987 hadi 1994. Havina picha ya mtakatifu wala rangi yoyote. Ni kioo cheupe kisichopenyeza macho, kilichotafutwa kwa majaribio mamia, na mistari myeusi iliyoinama kidogo kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Wenyeji wengi walivikataa mwanzoni. Walitaka watakatifu wao wa rangi. Nilipofika mara ya kwanza niliwaunga mkono, nikaona ni ubaridi mtupu. Nikakaa kwenye benchi kupumzisha miguu, na baada ya saa moja nikagundua kwamba madirisha ya upande mmoja yamekuwa ya samawati na ya upande wa pili yanaelekea rangi ya chungwa, na kioo ni kile kile. Asubuhi yanakuwa hivi, jioni yanageuka. Na mawe, yale ya rangi tatu, yanabaki na rangi yao halisi kwa kuwa hayapakwi nyekundu wala buluu ya kioo. Siku hizi nikiingia sitembei kwanza. Nakaa.

Kwa hiyo, msiende na kurudi siku hiyo hiyo. Chukueni treni hadi Rodez, mkodi gari pamoja, mlale Conques hata usiku mmoja. Pasaka mchana kuna umati, lakini wageni wa mabasi huondoka kabla ya giza. Baada ya chakula cha jioni watawa hubariki mahujaji, hueleza ule mchongo wa mlangoni, na kinanda hupigwa kanisani watu wakipita juu kwenye roshani. Kesho yake, mapema, shuka kwa mtaa wa Charlemagne, upite lango la Barry mpaka daraja la mto Dourdou. Viatu viwe vya kushika, mawe yale yanateleza umande ukianguka. Utaambiwa ni daraja la Kirumi. Si la Warumi: katika lugha ya kusini hujaji ni *romieu*, na ni daraja lao.

Kisha mwombe mwenye gari awapandishe Bancarel, ng'ambo ya bonde. Kutoka hapo mji wote unaonekana: mapaa ya magamba, minara mitatu, na mlima uliokunjamana kuuzunguka pande zote. Utaliona lile kombe.